Nyumba ya Saruji Iliyopakwa Rangi ya Mavi

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu tangu alfajiri. Jua limechungulia saa saba mchana, likaona mambo yetu, likarudi zake ndani.

Nimechefukwa.

Nimetafuta neno la kistaarabu zaidi la kuanzia na sikulipata. Nimeoga, nimekunywa chai ya tangawizi, nimemfokea kuku aliyeingia jikoni bila kosa lolote, na bado moyo unanipanda kila nikikumbuka ule ukumbi wenye mapazia ya rangi ya dhahabu. Baba Beata ameniuliza mara moja tu kulikoni, akaona uso wangu, akaenda kuangalia ng'ombe ambaye alishamwangalia.

Kwa asiyenijua: nauza mavi ya ng'ombe. Wengine husema samadi, na mwenye ukumbi wa leo anasema "mbolea asilia", lakini asubuhi nikivaa mabuti na kuingia uwanjani, kilicho mbele yangu ni mavi na sijawahi kuona sababu ya kuyaficha. Nayanunua kwenye maboma ya wafugaji huko bondeni, njia ya Mto wa Mbu. Lori linayapandisha mpaka hapa Karatu, tunayaanika, tunayageuza, tunayachekecha, tunayafunga kwenye magunia. Wakulima wa kahawa wa Oldeani wanachukua, wa vitunguu wa Baray wanachukua, na lodge zinachukua kwa ajili ya bustani zao za mboga.

Nilikuwa mhudumu wa lodge kabla ya hapo. Korona ilipofunga utalii, tulirudishwa makwetu na sare zetu mkononi. Nikakaa wiki kadhaa nikihesabu vigae vya dari kwa mama mkwe, mpaka nikamwona jirani akilalamika kwamba shamba lake limechoka na hana mbolea, wakati kule bondeni nilishaona maboma ambayo mavi yamejaa zizini hadi ng'ombe wanalala juu kama wako ghorofani. Nikaanza na chepe moja. Leo tuko wanawake saba.

Saba ni wale wa uwanjani. Kuna na mama anayeshona magunia yaliyochanika, hakuwepo mpaka magunia yalipoanza kuchanika. Kuna anayetuletea uji na mandazi saa nne, naye hakuwepo mpaka tulipokuwa wengi wa kutosha kuona njaa pamoja. Kuna vijana wa kupakia, kuna fundi wa toroli. Sikumwita hata mmoja wao. Walikuja wenyewe, kama nzi, nasema hivyo kwa upendo wote. Mimi nadhani ajira huzaliwa hivyo, mtu mmoja akielemewa na kazi mpaka mwingine anapata nafasi ya kushika upande wa pili wa gunia. Leo nimekaa saa nne kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza watu waliovaa tai wakieleza jambo hilo hilo, na sikuitambua kazi yangu katika sentensi yao hata moja.

Lakini nisiruke. Kwanza Naserian.

Naserian ni mzaliwa wa Malambo, Mmaasai, aliolewa boma moja kule bondeni. Tulijuana kwa ugomvi. Safari yangu ya kwanza ya lori nilikubaliana bei na mzee wa boma, tukapeana mikono, vijana wakaanza kupakia. Wakapakia ya zizini, makavu, hakuna shida. Kisha nikaona rundo jingine karibu na nyumba, bichi, limekusanywa vizuri kabisa, nikawaambia wapakie na hilo. Sisi Wairaqw tunafuga, tunalima, tunaweka mbolea shambani. Kwangu mavi yote yalikuwa mavi. Ghafla wanawake wakatoka kila nyumba na fimbo. Walipiga lori. Walimpiga dereva. Aliyekuwa mbele, mrefu, shuka limefungwa begani kama mtu anayekwenda vitani, ndiye Naserian. Mzee niliyempa fedha aligeuka akatazama milima.

Nilikuja kuelewa baadaye. Ya zizini mwanaume anaweza kuuza. Yale mabichi ya karibu na nyumba ni ya wanawake, wanayakusanya kwa ajili ya kukandika kuta na paa kabla mvua haijaanza. Nyumba anajenga mwanamke, nyumba ni ya mwanamke, na kilichoijenga ni chake pia. Mzee hakuwa na mamlaka ya kuniuzia ukuta wa mtu.

Baada ya muda mume wa Naserian akafariki, na mambo ya shemeji kutaka kumrithi yakawa yale tunayoyajua. Akapanda Karatu na kitoto chake mgongoni, akaniulizia mjini kwa jina la "yule mama mwizi wa mavi", na watu wakamwelekeza moja kwa moja. Ananiita yeyo, yaani mama, ingawa hatujapishana sana kwa umri. Amepanga chumba nyuma ya stendi. Kila nikimuuliza habari za nyumbani hunijibu, "Nyumba gani? Nimepanga mlango tu."

Hao ndio watu wangu. Sasa nije kwa kichefuchefu.

Mbele ya uwanja wetu, ng'ambo ya barabara, imepanda hoteli mpya. Mwenyewe ni kaka Deo. Tulipata kipaimara pamoja. Alikuwa na kaptula yenye kiraka matakoni na nilimpenda kwa sababu hakuwa na aibu nayo. Siku hizi anaitwa Mkurugenzi, hata na mke wake, na aibu amezipata zote alizozikosa utotoni. Bustani yake ya mboga, ile anayowaonyesha wageni akisema kila jani limeota kwa njia ya asili, imeota kwa magunia yangu. Mimi ndiye niliyempelekea.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa kitongoji alikuja uwanjani, akasimama mbali, akaongea huku ameshika pua. Kuna malalamiko ya harufu. Wageni hawafungui madirisha. Tuhame kabla mwezi huu haujaisha. Nikamuuliza tuhamie wapi. Akasema Karatu ni kubwa.

Karatu ni kubwa kweli, lakini lori langu haliingii kila kichochoro, na kiwanja kilicho wazi kwa jua, kando ya barabara, chenye mwenye nyumba anayekubali mavi, sijakiona kingine. Nikifukuzwa hapo, mwezi ujao sina kazi, na wanawake sita hawana kazi, na yule mama wa magunia atarudi kushona sketi za shule ambazo watu hununua mara moja kwa mwaka. Nimelala na jambo hilo wiki tatu. Nimekonda mpaka pete inazunguka.

Ndipo juzi nikapigiwa simu kutoka hoteli kwa kaka Deo. Kutakuwa na kongamano la wajasiriamali wadogo, watakuja wafadhili kutoka nje, na Mkurugenzi angependa nitoe ushuhuda. Nije na mfanyakazi mmoja. Aliyepiga simu akashusha sauti: "Mama, hii itasaidia na lile suala lenu la uwanja." Hakusema itasaidia vipi. Sikuuliza. Mtu anayezama haulizi mti umeota wapi.

Nikamchukua Naserian kwa sababu ndiye wa kwanza kuajiriwa na ndiye anayeongea bila kutetemeka. Tulijitengeneza. Mimi nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Yeye alivaa shuka jipya, ushanga wa shingoni, heleni zote. Alinukia sabuni ya mche na mafuta ya nazi. Naandika hili kwa makusudi kwa sababu ya kilichotokea getini.

Mlinzi alitaka kujua tunakotoka. Nikamwambia uwanjani hapo, ng'ambo. Akasema nipite, ila "huyu mwenzako wa mavi" apitie mlango wa jikoni, ndio utaratibu. Nikamuuliza kama mimi natoka kwenye uwanja wa marashi. Akacheka, akasema niko kwenye orodha. Tukapita wote jikoni. Nilikataa kumwacha, na hilo ndilo jambo pekee la leo ninaloweza kujisifia, kwa hiyo naliandika kwa herufi za kutosha.

Ukumbini tulikalishwa karibu na dirisha. Baada ya dakika chache akaja kijana wa hoteli na kopo la dawa ya kupuliza, ile ya harufu ya maua, akapuliza kushoto kwetu, akapuliza kulia kwetu, akapuliza juu, tukanyeshewa. "Samahani mama, ni utaratibu tu." Naserian alipiga chafya mpaka heleni zikalia. Akaniuliza kwa sauti ya ukumbi mzima, "Yeyo, hii ndiyo inanuka nini?"

Sijawahi kuona kinyaa cha mtu kikiwa na adabu namna ile. Angetutemea mate ningejua la kufanya.

Hotuba zikaanza. Msemaji wa kwanza alisema vijana waache kuchagua kazi. Wa pili alisema biashara ndogo ndizo zitakazoliokoa taifa. Wa tatu alisema tujiajiri, tujiajiri, tujiajiri, mara tatu kama anafukuza pepo. Niliwatazama vizuri. Kila aliyetuambia tujiajiri alikuwa ameajiriwa. Hakuna aliyesema mtu mdogo akishatoa hizo ajira aachwe akae wapi. Picha za ukutani zilionyesha wanawake wanaocheka wakiwa wameshika karoti. Karoti safi, mikono safi, kucha zimepakwa rangi. Mimi nimelima karoti. Karoti hazitoki ardhini zikiwa zimeoga.

Kisha kaka Deo akasimama akasema hoteli yake imezishika mkono biashara za akina mama wa jirani, na mfano hai yuko hapa. Akanyoosha kiganja upande wetu. Watu wakageuka. Akasema hoteli ina mpango wa mbolea asilia unaoajiri wanawake.

Mpango wa hoteli!

Nikamtafuta mwenyekiti wa kitongoji kwa macho. Alikuwa mstari wa mbele, ana soda mkononi, ananitazama kwa kunitia moyo, kama mzazi siku ya mahafali. Nikaitwa kwenye kipaza sauti. Kwenye njia ya kutoka kitini hadi mbele nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilikuwa niseme: huyu anayewaambia ametushika mkono, mkono wa pili unatusukuma tutoke. Nilikuwa niseme mavi, neno lenyewe, mbele ya wafadhili.

Nikashika kipaza sauti. Nikafikiria mwisho wa mwezi.

Nikasema, "Napenda kumshukuru Mkurugenzi kwa moyo wake wa kizalendo."

Niliendelea. Nilisema ametufungulia njia. Nilisema bila yeye tusingefika. Nilisema mbolea asilia, tena kwa sauti laini ile niliyofundishwa lodge nilipokuwa nikiwaelezea wageni supu ya siku. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akainua soda. Nikarudi kukaa, na Naserian hakunitazama. Alikuwa anahesabu ushanga wa mkononi mwake, na hajawahi kuuhesabu hata siku moja.

Chakula cha mchana kilikuwa kizuri na nilikimeza kwa shida.

Baada ya chakula wageni walitembezwa bustanini. Walipomwona Naserian kwenye mwanga wa nje, na shuka lake na ushanga wake, wakachangamka. Yule aliyepitishwa jikoni asubuhi sasa anavutwa mbele. Kaka Deo mwenyewe akamshika kiwiko. "Mama, karibu, karibu sana, pita huku." Nikaona mlinzi wa getini amesimama pembeni akitabasamu, kama vile ndiye aliyemleta.

Nyuma ya bustani kuna kitu kipya. Kaka Deo amejenga nyumba ya Kimaasai kwa ajili ya wageni kupiga picha. Kwa mbali utadanganyika: fupi, mviringo, mlango wa kuinama. Ukikaribia unaona. Ni tofali na saruji, na juu yake imepakwa rangi. Mtu amekaa chini, akachanganya kahawia na kijani na kijivu kidogo mpaka akapata rangi ya mavi ya ng'ombe yaliyokauka, kisha akaipaka ukutani kwa brashi, akiweka na alama za vidole.

Nilisimama nikaangalia alama zile za vidole. Ng'ambo ya barabara kuna wanawake sita wenye vidole, na mavi tele, na wanahitaji kazi. Alama za vidole zimechorwa na fundi.

Naserian alizunguka nyumba. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Aliinama akaingia ndani, akakaa huko muda, akatoka.

"Hii ni nani alijenga?"

"Mafundi, mama," kaka Deo akasema. "Kutoka Arusha. Mafundi wazuri."

"Wanaume?"

"Ndiyo. Mafundi."

Naserian alijifunika mdomo kwa ncha ya shuka. Kicheko kilimtikisa mabega. Kijana mmoja wa kuongoza watalii alikuwa akitafsiri kwa wageni, naye akaanza kucheka kabla ya kutafsiri.

"Sasa mwenyewe ni mama gani?" Naserian akauliza. "Kwetu nyumba anajenga mama. Mwanaume anakuja kulala tu, anakaribishwa, anapewa maziwa. Kama hakuna mama alijenga, hii si nyumba ya mtu. Hii ni kibanda cha kuku mkubwa."

Kijana alitafsiri yote, hata kuku. Wageni walifurahi mno. Mama mmoja mzungu, mzee, mwenye kofia, akauliza kama Naserian angependa kuishi kwenye nyumba kama hii. Kaka Deo alimwahi Naserian kujibu. Ana akili yule, sitamnyima. Akaweka mkono kifuani akatangaza kwamba kuanzia leo hoteli imempa mama huyu ajira ya kudumu, awe mwenyeji wa boma, akae hapa mlangoni na kuwapokea wageni, na mshahara akautaja pale pale, mkubwa kuliko ninaomlipa mimi, mkubwa kuliko ninaojilipa mwenyewe.

Makofi. Kamera.

Hivyo ndivyo ajira inavyotolewa na watu wakubwa, kwa kinywa, mbele ya mashahidi. Na kazi yenyewe ni kukaa mlangoni mwa uongo ukiwa umevaa vizuri. Nilimsubiri Naserian acheke tena. Nilimsubiri aokote fimbo.

Naserian akasema, "Nitakaa."

Nilihisi kama nimepigwa kofi.

"Lakini nikandike kwanza," akaendelea. "Siwezi kukaa mlango wa nyumba sijajenga, wenzangu watanicheka mpaka Malambo. Hiyo rangi mnatoa. Naleta mavi mabichi. Naleta wenzangu sita, mnawalipa kama mlilipa hao mafundi wa Arusha. Tukimaliza, nitakaa."

Kijana akatafsiri. Wageni walipiga makofi kuliko walivyopiga mchana kutwa. Mama wa kofia alisema neno, kijana akaligeuza: anasema huu ndio uhalisia aliosafiri kuutafuta, na je, wanaweza kuja kutazama siku ya kukandika? Tabasamu la kaka Deo lilibaki pale pale usoni, kama la picha ya kitambulisho. Mavi mabichi, ndani ya uzio wake, chini ya madirisha yale yale ya wageni wasiofungua madirisha. Alitazama huku na huku. Wafadhili walikuwa wanamtazama yeye.

"Bila shaka," akasema.

Ningepaswa kufurahi. Nilifurahi, kama dakika moja hivi.

Hatukurudi uwanjani, ingawa ni ng'ambo ya barabara tu. Tulipanda bajaji, nikamwomba dereva atuzungushe hadi sokoni nipate kusema yaliyonijaa. Nikayasema. Nilimwambia kazi ile ni ya kufuga watu. Nilimwambia watamkodolea macho kama twiga. Nilimwambia mimi nimempa kazi ya heshima, ya jasho lake, na sasa anakwenda kukaa kama sanamu kwa mtu aliyempulizia dawa ya chooni asubuhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yeyo, wewe lodge ulikuwa unafanya nini?"

Anajua, nilishamsimulia mwenyewe nikimchekesha. Tulikuwa tunatoka jikoni kwa mstari, na keki yenye mishumaa, tunacheza na kupiga vijiko kwenye sufuria, tunamwimbia mgeni ambaye hatumjui kana kwamba tumemzaa. Kila usiku. Miaka mingi. Tukifikiri ni kazi nzuri, na ilikuwa kazi nzuri, ilinisomeshea watoto.

"Mgongo wangu umekwisha," akasema tena. "Gunia moja naweza. La pili naweza. Jioni silali upande huu wala upande huu. Hukuniuliza."

Sikumuuliza, ni kweli. Nimehesabu watu niliowapa kazi, nimewataja kanisani, nimewataja hapa kwenye blogu. Mgongo hata mmoja sikuuliza habari zake.

"Na ile nyumba ni ya uongo, Naserian."

"Najua ni ya uongo. Nikiikandika, ukuta utakuwa wa kweli. Kazi ni kazi, yeyo. Hata leo na wewe ulifanya kazi."

  Alishukia stendi akaenda kwake, na mimi nikaendelea na bajaji mpaka nyumbani, na dereva, ambaye masikio yake yalikuwa nyuma muda wote, hakuthubutu hata kuwasha redio.

Saa kumi na mbili mwenyekiti wa kitongoji akapiga simu. Hotuba yangu ilikuwa nzuri sana. Wafadhili wameguswa. Mkurugenzi ameguswa. Nikashukuru, nikasubiri. Akakohoa. Kuhusu uwanja, akasema, uamuzi wa kikao ni ule ule, mwisho wa mwezi, ila Mkurugenzi amesema nitakapohama nisisite kumletea magunia yangu, yeye ataendelea kuniunga mkono.

Nilikata simu nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Sisemi kwa mfano. Kile chakula kizuri cha mchana kilirudi chote.

Kwa hiyo haya ndiyo mahesabu ya moyo wangu jioni hii. Mimi nilisimama mbele ya watu nikamsifu bure. Nilitoa kinywa changu mkopo kwa ahadi ambayo hakuna aliyeitamka. Naserian hakumsifu mtu. Alitaja kazi, akataja malipo, akataja sharti, mbele ya mashahidi wanaopiga picha. Kongamano zima la ajira lilikuwa na wasemaji wangapi sijui, na aliyetoka pale akiwa ametoa ajira kwa watu wengine ni mwanamke aliyeingilia jikoni.

Naona kinyaa na kaka Deo, na mwenyekiti na soda yake, na ile rangi, na yale mapazia. Hayo ni mepesi. Zito ni kwamba nikifumba macho naisikia sauti yangu kwenye kipaza sauti, laini, inamweleza mgeni supu ya siku.

Kesho ni Jumapili. Nitakwenda misa ya kwanza ili nisikutane naye, kisha nitazunguka upande wa barabara ya Baray kutafuta kiwanja, na nikikipata nitawauliza wanawake kabla sijalipia, pamoja na habari ya ukubwa wa magunia. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba sikuahidi.

Nilikuwa nafunga kompyuta Naserian alipotokea mlangoni, amemleta mtoto amsalimie Beata. Ameshapita kwa wenzake wote. Jumatatu asubuhi wanaanza, ng'ombe wa kutoa mavi mabichi ameshapatikana kwa jirani yake, na hoteli wameshapiga simu kuuliza wakandikaji watakuwa wangapi.

Nikamwuliza amewajibu nini. Amewajibu kwamba atakuja na wenzake sita. Nikahesabu. Niliowaajiri uwanjani ni sita, yeye akiwemo. Ukimtoa, wanabaki watano.

"Sita ni nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Wewe, yeyo. Mwisho wa mwezi huna kazi. Uje na nguo mbovu, na usichelewe, mimi sipendi mtu wa kuchelewa."